Ujumbe usio na jina na maandamano ya mtaani: niliyojifunza Lindi, Kibera

Nikisema hapa Pwani kwamba nimeishi Lindi, watu huniuliza habari za Tanzania. Lindi yangu iko Nairobi, ndani ya Kibera. Leo ni mojawapo ya wadi tano za eneo bunge la Kibra, pamoja na Laini Saba, Makina, Sarang'ombe na Woodley. Nilitoka Likoni kwenda kutafuta kazi, nikapanga chumba cha mabati karibu na mto, nikakaa miaka kumi na mmoja. Kwa miaka minne kati ya hiyo nilikuwa katibu wa kikundi cha wapangaji. Ninayoandika hapa nawaandikia wanaoongoza vikundi kama hivyo huku kwetu, iwe ni Likoni, Kisauni, Malindi au Tana Delta, kwa sababu uchaguzi wa Agosti 2027 uko njiani na vijikaratasi havitachelewa kuonekana.

Ninaposema ujumbe usio na jina nina maana ya kijikaratasi kilichobandikwa usiku, arafa kutoka namba usiyoijua, au ile sauti inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ikianza na "nimeambiwa na mtu wa ndani". Umbo linabadilika kila baada ya miaka michache lakini kazi yake ni ile ile. Mtu anataka kusema jambo na hataki kuulizwa.

Sisi wa Likoni hatuhitaji kufundishwa madhara yake. Agosti 1997, kabla na baada ya kituo cha polisi cha Likoni kushambuliwa usiku wa tarehe 13, vijikaratasi vilivyowataka watu wa bara wahame vilisambazwa, na waliovisoma walijua havikuwa mzaha. Nilikuwa mdogo, lakini namkumbuka jirani yetu akifunga godoro kwa kamba mchana kweupe. Miaka kumi baadaye karatasi ikageuka arafa. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini, na jumbe za simu zenye chuki zilikuwa sehemu ya moto huo. Kibera soko la Toi lilichomwa na reli ya kwenda Uganda ikang'olewa. Kawangware nako zamu ilifika Oktoba 2017, siku moja baada ya uchaguzi wa marudio. Vurugu zilizuka karibu na stendi ya 56, nyumba na vibanda vikachomwa, na jina la Mungiki likawa mdomoni mwa kila mtu. Jamaa yangu aliyekuwa akiuza viazi pale aliniambia kwamba usiku ule alipokea onyo lile lile mara sita, na kila mara kundi linalokuja lilikuwa limeongezeka.

Basi ni rahisi kusema kwamba kila lisilo na jina litupwe jalalani. Viongozi wengi husema hivyo, na wengi wao wana sababu zao. Mpangaji wa Lindi akimtaja landilodi wake kwa jina, kesho mlango wake umeng'olewa. Mama muuza samaki akitaja kijana anayemtoza ada ya "ulinzi", yeye ndiye atakayehama. Na ukimtaja askari? Juni 2025 mwalimu Albert Ojwang alikamatwa Homa Bay kwa chapisho la mtandaoni lililomhusu naibu inspekta jenerali wa polisi, akasafirishwa hadi Nairobi, akafia mikononi mwa polisi katika kituo cha Central. Kwanza tukaambiwa alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha ya kupigwa. Baada ya hapo, anayemwambia kijana "kama una ukweli weka jina lako" anamwomba kitu kikubwa kuliko anavyofikiri.

Kwa hiyo swali la nani ameandika halitoshi. Nilichelewa kulijua hilo, na kuchelewa kwangu kulimgharimu mtu mwingine.

Karatasi ya kwenye bomba

Ilikuwa mwaka 2018. Barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata ilikuwa ipite katikati ya Kibera, nyumba zilikuwa zimekwisha kupigwa alama, na kila mtu alikuwa na habari yake. Kikundi chetu kilikuwa kimeandika orodha ya wapangaji wa upande wetu ili tuiambatishe kwenye malalamiko. Hoja yetu ilikuwa kwamba mwenye ploti asihesabiwe peke yake, na sisi tunaolala ndani tuhesabiwe. Mimi ndiye niliyeiandika, kurasa kumi na tisa, kwa mkono wangu.

Asubuhi moja karatasi ilikuwa imebandikwa penye bomba la maji, pale wanapopanga mitungi. Ilisema mambo matatu. Katibu amekula pesa. Orodha ina majina ya watu wasioishi Lindi. Jumatatu tufunge barabara, na nyumba za wasaliti zinajulikana. Mchana wake maneno yale yale yakaingia kwenye simu za watu.

Nilikasirika. Pesa sikuwa nimeila, hata nauli ya kwenda mjini nilijilipia. Kwa hasira hizo nikafanya linalofanywa na kila mtu: nikaichukua ile namba iliyotuma arafa, nikaanza kuitumia shilingi kumi kwa M-Pesa ili jina la mwenye laini lijitokeze kabla sijathibitisha. Likajitokeza. Lilikuwa jina la mama mmoja ninayemfahamu, muuza mboga, mtu wa kunisalimia "katibu, umeamkaje" kila asubuhi. Nikawatajia watu wawili tu jina hilo. Wawili tu, tena wa kamati.

Usiku huo vijana walikwenda kwake. Hawakumpiga, lakini walimwaga sukuma wiki yake kwenye mtaro na kupiga mabati ya nyumba yake hadi watoto wakalia. Siku ya pili nikapata habari kwamba laini ilisajiliwa kwa kitambulisho chake miaka kadhaa nyuma, akampa mtoto wa dada yake aliyekuwa hajapata kitambulisho, na huyo mtoto akaiuza pamoja na simu. Nani aliandika ile arafa sijajua hadi leo. Mama yule alihama kabla ya mwezi kuisha. Nilikwenda kumwomba radhi, akanikaribisha chai, akaniambia, "Mwanangu, ungekuja kuniuliza tu."

Mzee wa kijiji aliniita baadaye. Hakunigombeza sana. Aliniuliza kama ile orodha ina majina ya watu wasioishi Lindi. Nikamwambia hapana. Akaniuliza nimeikagua lini. Nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimeiandika lakini sikuwahi kuikagua. Majina mengine nililetewa na wajumbe nikayanakili tu.

Jumapili tukaisoma mbele ya watu, jina kwa jina, kwa saa mbili na zaidi. Majina manne hakuna aliyeyajua. Yote yaliletwa na mjumbe mmoja. Kumbe ile karatasi ilikuwa na uongo mmoja, ukweli mmoja na tishio moja, na mimi nilikuwa nimeshughulika na uongo tu kwa kuwa ulinigusa mimi. Watu walipoona tumekata yale majina manne mbele yao, habari ya katibu kula pesa ilipoa yenyewe. Barabara haikufungwa Jumatatu ile.

Siwezi kusema tuliokoa kitu kikubwa. Tarehe 23 Julai 2018 matingatinga yaliingia Kibera alfajiri, na watu wanaokadiriwa kufika 30,000 wakabaki bila makao, shule zikabomolewa pamoja na nyumba, huku makubaliano ya kuwahamisha watu kwa mpango yakiwa hayajatekelezwa. Siku hiyo ujumbe usio na jina uliosema "kesho wanakuja" ulikuwa wa kweli, na waliouamini waliokoa vitanda vyao.

Namna ya kuushughulikia

Kuanzia hapo tulijiwekea desturi, na nimeona vikundi vya huku vikiifuata kwa namna yake. Jambo la kwanza ni kuutenganisha ujumbe vipande vipande kama nilivyoeleza. Kipande kinachoweza kukaguliwa, kama vile pesa, orodha, tarehe au mahali, kinakaguliwa siku hiyo hiyo na jibu linatolewa palepale ujumbe ulipoonekana. Ukibandikwa penye bomba, jibu nalo libandikwe penye bomba. Jibu likichelewa siku tatu halina faida tena, kwani watu wameshaamua.

Kipande kinachomtaja mtu wa kawaida kwa mambo yake, nani ni mwizi wa nani, nani amelala wapi, hakisomwi mkutanoni. Mwenyekiti anaweza kusema "karatasi imemtaja mtu, tutazungumza naye" na kuishia hapo. Ukikisoma kwa sauti, hata kama unakikanusha, umekuwa mjumbe wake.

Kipande cha tishio ni shughuli nyingine. Usiichane karatasi. Ipige picha ikiwa bado ukutani, andika saa na mahali, mchukue mtu wa pili ashuhudie, kisha ipelekwe kwa chifu na kituo cha polisi. Kama inalenga kabila au dini, Tume ya Uwiano na Utangamano, NCIC, nayo iarifiwe. Sheria iliyoiunda ya mwaka 2008, kifungu cha 13, inatoza faini isiyozidi shilingi milioni moja au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili, kwa matamshi ya chuki. Na tafadhali usiisambaze kwenye kundi ukisema "oneni wanachotuandikia". Huko ndiko kusambaza kwenyewe.

Kutafuta mwandishi tumewaachia wenye mamlaka ya kuchunguza, tena kwa vitisho peke yake. Ile hila ya M-Pesa nimeikataza kwenye kila kikundi ninachoalikwa. Laini za simu zilianza kusajiliwa Kenya mwaka 2010 na watu wakadhani siri imekwisha, lakini jina lililosajiliwa si lazima liwe la mkono ulioandika.

Wenzetu wa Tana Delta walikuwa na mpango ninaoupenda kuliko yote niliyoisikia. Baada ya mapigano ya Wapokomo na Waorma ya 2012 na 2013, yaliyoua zaidi ya watu mia moja, ulianzishwa mradi ulioitwa Una Hakika. Mtu akisikia uvumi alituma arafa, watu wa kujitolea walioko kijijini kule kule wakaenda kuangalia kama ng'ombe kweli wameibwa au kijiji kweli kimevamiwa, kisha jibu likarudi kwa simu kwa waliojiandikisha. Aliyetuma hakutangazwa. Siri yake ilihifadhiwa, na maneno yake yakapimwa. Ushahidi, jukwaa la ramani lililobuniwa Januari 2008 katikati ya ghasia, lilifuata njia hiyo, na vijana wa Map Kibera nao walilitumia kwa Sauti ya Kibera. Nayo Pamoja FM, redio ya Kibera yenyewe, iliwatuliza watu mwaka 2008 kwa sauti walizozifahamu. Kijana wa mtaa akisikia sauti ya mtu anayenunua naye mandazi, anasikiza.

Inapofika maandamano

Hapa ndipo nimeona vikundi vingi vikikwama. Katiba ya 2010, kifungu cha 37, inampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana, kupiga kambi ya malalamiko na kuwasilisha maombi kwa amani na bila silaha. Lakini Sheria ya Utulivu wa Umma inataka mkuu wa kituo cha polisi apewe ilani ya maandishi si chini ya siku tatu kabla wala si zaidi ya siku kumi na nne, yenye jina kamili la mwandalizi na mahali anapoishi, siku, mahali, na saa kati ya kumi na mbili asubuhi na kumi na mbili jioni. Ni ilani, si ombi la kibali. Askari wengi wa zamu wanajifanya hawalijui hilo, kwa hiyo beba nakala yenye mhuri wa kupokelewa.

Basi sheria inadai jina. Nani atalitoa? Lindi tulikaa mkutano mzima kila mtu akimtazama mwenzake. Mwishowe walijitokeza akina mama watatu, wote wenye umri, wote wenye biashara zinazojulikana, wakasema wataweka sahihi pamoja. Mmoja alisema, "Wakinishika mimi, nani atawauzia uji polisi wenyewe?" Watu wakacheka, na hofu ikapungua. Tangu hapo ushauri wangu ni kwamba jina moja lisiwekwe peke yake, na vijana walio na kesi au madeni na vyama wasiwekwe mbele. Mkiwa na shirika la haki linalowafahamu, liarifiwe mapema; huku kwetu watu huwaendea MUHURI au Kituo Cha Sheria.

Yanayoitishwa na ujumbe usio na jina yana shida yake, nayo si uoga wa mwandishi. Shida ni kwamba hakuna wa kusema "turudi". Mvua ya vitoa machozi ikianza, au wahuni wakianza kuvunja duka la Mkikuyu au la Msomali, safu inamtazama nani? Tuliwahi kuwa na maandamano ya maji yaliyokwenda vizuri hadi saa sita, kisha arafa ikasema mwenzetu ameuawa penye daraja. Mama mmoja wa wale watatu alisimamisha safu, akatuma vijana wawili wakimbie wakaangalie, akawaambia watu wakae chini njiani wasubiri. Hakuna aliyeuawa. Ujumbe usiojulikana ulikutana na mtu anayejulikana, na yeye akasikizwa.

Najua vijana watanijibu kwa Juni 2024. Maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha yalisema hayana kiongozi na hayana kabila, na mswada ukarudishwa. Ni kweli, na wengi wa waliowatisha wakubwa walikuwa wakitumia majina ya bandia. Pia ni kweli kwamba tarehe 25 Juni bunge lilivamiwa na watu wakapigwa risasi, na miezi iliyofuata waliokuwa wamejificha nyuma ya majina hayo wakatekwa mmoja mmoja. Sina jibu kamili juu ya hilo. Mtaani kwetu, ambako duka linalochomwa ni la jirani, bado nachagua maandamano yenye mtu wa kuulizwa.

Kuhusu sheria ya kusambaza habari za uongo, viongozi wa mitaa hupenda kuwatishia watu nayo bila kuisoma. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilifuta kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano kilichokuwa kikitumika kuwakamata watu kwa machapisho, na 2017 ikafuta kosa la jinai la kumkashifu mtu. Kisha Mei 2018 ikatiwa saini sheria ya makosa ya kompyuta iliyoweka kwa habari za uongo faini ya hadi shilingi milioni tano, na kifungo cha hadi miaka kumi katika mojawapo ya vifungu vyake. Vifungu vyake vingi vilisimamishwa mwezi huo huo, vikaidhinishwa Februari 2020, na kesi zimeendelea. Kabla hujamwambia mtu atafungwa, muulize wakili hali ya siku hiyo.

Mwisho ni sanduku. Baada ya kisa changu tulipigilia sanduku la mbao karibu na bomba, lenye tundu na kufuli mbili. Ufunguo mmoja alikaa nao mzee wa kijiji, wa pili mama mmoja wa soko. Yeyote aliweza kutumbukiza karatasi bila jina, na kila Jumapili lilifunguliwa mbele ya watu watatu, wakatenganisha ya kukagua, ya kunyamaziwa na ya kupeleka kwa chifu. Malalamiko ya ufisadi wa maafisa tuliwaelekeza wayapeleke EACC, ambayo ina njia ya kupokea taarifa bila jina. Karatasi nyingi zilikuwa za choo kilichojaa na mwenye bomba anayepandisha bei ya mtungi usiku. Chache zilinitukana. Mwaka wa pili mtu alilivunja sanduku, akabeba mbao zake. Tukatengeneza lingine la bati.